Kufunga Saa 16 ili Kupunguza Mwili



Kuna swali moja ambalo siku hizi linatufikia kwa njia nyingi. Linakuja kwa barua, linakuja tukiwa kliniki, na hata baada ya ibada ya akina mama yupo atakayetuvuta pembeni, ashushe sauti, aulize: "Eti sista, hili la kufunga saa kumi na sita, ni kweli linapunguza mwili?" Safari hii tumeona tulijibu kwa urefu, maana wengi wa wanaouliza wameshaanza, na baadhi yao hawakupaswa kuanza kabisa.

Kwa wale ambao habari hii haijawafikia, tueleze kwanza ni kitu gani. Katika mpango huu mtu hapangiwi ale nini, anapangiwa ale saa ngapi. Njia inayosikika zaidi ni ya kukaa saa 16 bila chakula, kisha kula ndani ya saa 8 zilizobaki, mathalani kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Nje ya saa hizo ni maji, chai ya rangi isiyo na sukari au kahawa chungu. Iko pia njia ya siku 5 kwa 2: siku 5 za juma mtu anakula kama kawaida yake, na siku 2 anakula kidogo sana, kiasi cha kalori 500 kwa mwanamke. Na wako wanaofunga leo na kula kesho, hivyo hivyo mpaka mwezi uishe.

Mambo haya hayakuzaliwa kwenye makundi ya WhatsApp, ingawa huko ndiko wengi tumeyakuta. Mwaka 2012 Michael Mosley, Mwingereza aliyesomea udaktari kisha akawa mtangazaji, alionyesha kwenye televisheni ya BBC jinsi alivyoijaribu njia ya kufunga mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 2013 akatoa kitabu pamoja na Mimi Spencer kuhusu hiyo siku 5 kwa 2. Kitabu kikanunuliwa sana. Mwaka huo huo wa 2012 watafiti wa Taasisi ya Salk, huko California, walitoa habari za panya. Panya waliopewa chakula chenye mafuta mengi wakale saa yoyote walinenepa na kupata maradhi. Wenzao waliopewa chakula kile kile, lakini kwa saa 8 tu za siku, hawakunenepa vile. Panya hao ndio waliozaa mengi ya yanayosemwa leo. Nasi tunayaheshimu majaribio ya namna hiyo, ila panya hapikii watoto wanne, halali saa 5 usiku akipiga pasi sare za shule, wala haalikwi kwenye sherehe ya kumuaga bibi arusi.

Sababu ya akina mama kulikimbilia jambo hili tunaijua. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walionekana kuwa na uzito uliozidi au unene, na mijini hali ilikuwa nzito kuliko vijijini. Presha na kisukari tunaviona kila siku kwenye foleni zetu. Zamani bibi arusi akinenepa mwaka wa kwanza wa ndoa, wakwe walifurahi, wakasema kijana wao anajua kutunza. Na katika miaka ya 1990 mwanamke aliyepungua aliogopa kutoka nje, maana majirani walikuwa tayari wameshampa ugonjwa. Kwa hiyo mama anayeamua leo kupunguza mwili kwa ajili ya afya yake amevuka mlima mkubwa wa mazoea, na hatupendi kumvunja moyo. Tunachotaka ni apungue akiwa mzima.

Mwili unafanya nini usipokula

Tunapokula ugali, wali, viazi au mkate, chakula hicho huwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo huisaidia sukari kuingia panapohitajika. Ile inayobaki huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli, na akiba hiyo ikijaa, ziada inageuzwa kuwa mafuta. Akiba ya ini ni ndogo, kiasi cha gramu 100. Mtu asipokula kwa muda wa nusu siku na kuendelea, akiba hiyo inaanza kwisha, na mwili unageukia mafuta yake kwa wingi zaidi. Hapo ndipo penye ukweli wa jambo hili.

Lakini akiba ile ya sukari hukaa pamoja na maji mengi. Inapotumika, maji nayo hutoka kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu mama aliyefunga siku 5 akipanda mizani hukuta kilo 2 hazipo, akapiga vigelegele. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Akila sahani ya wali Jumapili, Jumatatu zimerudi, na yeye anadhani mizani imeharibika au amelogwa.

Wengine wanasema kufunga "kunasafisha" mwili na kuondoa hata saratani, na wanataja Tuzo ya Nobel. Tuzo hiyo ipo. Mwaka 2016 alipewa Mjapani Yoshinori Ohsumi kwa kazi yake iliyoonyesha jinsi seli zinavyovunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia tena. Kazi yake kubwa aliifanya kwa kuchunguza hamira. Kutoka kwenye hamira hadi kumwambia mama mwenye uvimbe kwenye titi aache kwenda hospitali, afunge, ni safari ambayo hakuna mwanasayansi aliyeimaliza. Mama mwenye uvimbe aje apimwe.

Sasa, je, wanadamu walipojaribiwa ilikuwaje? Mwaka 2020 madaktari wa San Francisco, Marekani, walitoa matokeo ya watu 116 wenye uzito mkubwa waliofuatiliwa kwa wiki 12. Kundi moja lilikula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku, jingine likaendelea na milo mitatu ya kawaida. Waliofunga walipungua wastani wa chini ya kilo 1. Wale wa milo mitatu nao walipungua zaidi kidogo ya nusu kilo. Tofauti kati yao ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kusemwa ni kazi ya kufunga. Tena ilionekana kwamba katika kile kidogo kilichopungua, misuli ilikuwa na fungu kubwa kuliko inavyotarajiwa, na misuli ndiyo tunayoitegemea kubeba ndoo na watoto.

Jaribio jingine, lililotusaidia zaidi, lilifanyika Guangzhou, nchini China, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Watu 139 wenye unene walifuatiliwa mwaka mzima. Wote waliagizwa kupunguza chakula; wanawake kalori 1,200 hadi 1,500 kwa siku. Nusu yao waliongezewa sharti la kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Baada ya mwaka, waliofuata saa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 8, na waliopunguza chakula bila kufuata saa walikuwa wamepungua kilo 6.3. Watafiti walisema tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba saa zenyewe zilileta nyongeza. Angalieni akina mama: makundi yote mawili yalipungua, tena vizuri. Lililowapunguza ni kiasi cha chakula. Saa zinamfaa yule ambaye, akiambiwa "usile baada ya saa 10", inakuwa rahisi kwake kuliko kuambiwa "punguza nusu ya sahani". Kuna watu wa namna hiyo, na kuna ambao wakifunga hadi saa 6 mchana hula chakula cha watu wawili.

Na ile ya kufunga leo kula kesho, ilijaribiwa Chicago kwa watu 100, matokeo yakatoka mwaka 2017. Waliofunga hawakupungua kuwazidi waliokula kidogo kila siku, na walioishia njiani walikuwa wengi zaidi upande wa waliofunga, 38 katika kila 100 kulinganisha na 29. Hatushangai.

Mwaka 2024 ikatoka habari nyingine Marekani, kwenye mkutano wa wataalamu wa moyo, kwamba wanaokula ndani ya muda usiofika saa 8 walionekana kufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Simu zikajaa hofu. Habari hiyo ilitokana na watu kuulizwa walikula nini katika siku 2 tu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Mtu anaweza kula muda mfupi kwa sababu ni mgonjwa, au ni mpweke, au hana kitu. Kwa hiyo haithibitishi kwamba kufunga kunaua. Lakini inatosha kutuzuia kuwaambia watu kwamba hakuna ubaya wowote.

Jirani zetu Waislamu wana la kutufundisha hapa. Utafiti mwingi uliofanywa kwa waliofunga Ramadhani unaonyesha kwamba watu hupungua kidogo, kiasi cha kilo 1 hivi, nayo hurudi majuma machache baadaye. Yeyote aliyewahi kukaribishwa futari ya pwani, yenye tambi, kaimati na viazi vya nazi, hatauliza kwa nini. La kujifunza ni hili: ipo miongozo ya kitabibu kwa Waislamu wenye kisukari, ambayo inawataka wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mfungo ili dawa zao zipangwe upya. Sisi Wakristo tunatangaza mfungo wa siku 3 Jumapili, na Jumatatu mwenye kisukari ameanza.

Wasiofaa kufunga

Hapa tunaomba msome taratibu.

Mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, mgonjwa wa kisukari, alikuwa akimeza glibenklamidi kila asubuhi. Alikuwa ameingia katika kundi la akina mama wanaofunga saa 16 ili kupungua, na juma lile kanisani kwao ukatangazwa mfungo wa maombi. Akaunganisha. Hakumwambia mumewe wala wanawe, kwa kuwa aliona mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake. Dawa alimeza, maana alifundishwa asiache dawa. Siku ya pili alasiri wakamkuta ameketi sakafuni jikoni, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Majirani wakadhani ni pepo, wakaanza kukemea. Binti yake wa mwisho ndiye aliyesema twende hospitali. Alipofikishwa sukari yake ilikuwa 1.8, wakati haitakiwi kushuka chini ya 4. Akawekewa sukari kwenye mshipa, na kabla chupa haijafika nusu akafungua macho akauliza yuko wapi na nani amefunga mlango wa kuku.

Tulicheka kwa furaha, lakini tuseme wazi: angeachwa saa moja nyingine, pengine asingeuliza tena.

Hatusemi maombi yalikuwa kosa. Nasi tuliomba huku tunatafuta mshipa. Tunasema kwamba glibenklamidi, na dawa nyingine za jamii yake, pamoja na insulini, hushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Dawa haijui kwamba leo umefunga. Metfomini ikiwa peke yake haina hatari kubwa ya namna hiyo, lakini wengi wanameza mbili kwa pamoja na hawajui ipi ni ipi. Kama una kisukari, usifunge kwa sababu yoyote, iwe mwili au maombi, mpaka umwonyeshe daktari vidonge vyako vyote, na yeye aseme.

Na dalili za kushuka sukari kila mtu nyumbani azijue, hata mtoto wa darasa la nne: njaa ya ghafla, jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuona giza, hasira zisizo na sababu, kuongea ovyo. Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari vijiko vidogo 3 au 4 ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha baada ya kama dakika 15 ale chakula. Kama hana fahamu usimtie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mkimbize hospitali akiwa amelazwa ubavu. Aliyemeza glibenklamidi apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Wa pili ni mama anayenyonyesha. Huyu tunamwona mara nyingi, hasa kunapokuwa na arusi na kitambaa cha sare kimeshakwenda kwa fundi. Mmoja alileta mtoto wa miezi 4. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa mtoto uliokuwa ukipanda vizuri ulikuwa umelala. Tulipozungumza naye polepole ilidhihirika kwamba alikuwa akila mara moja na nusu kwa siku. Watu wengi hudhani mama akifunga maziwa hukauka siku hiyo hiyo. Sivyo, mwili wa mama huyatetea maziwa kwa nguvu, unayatoa hata kwenye akiba yake mwenyewe. Lililotokea ni kwamba mama alikuwa akizunguzwa na kuchoka mno, basi mchana akamwachia dada wa kazi ampe mtoto uji mwepesi. Mtoto wa miezi 4 hapaswi kupewa kitu zaidi ya maziwa ya mama, na uji mwepesi ni maji yaliyopakwa unga. Ziwa lisiponyonywa nalo hupunguza kutoa. Hivyo ndivyo mstari ulivyolala. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko alivyokula kabla ya ujauzito, karibu kalori 500 za ziada kwa siku. Gauni litashonwa kwa vipimo vilivyopo.

Wengine tuwataje kwa haraka. Mjamzito asifunge ili kupungua, hata kama ni mnene. Vivyo hivyo msichana chini ya miaka 18, mwenye upungufu wa damu, mwenye vidonda vya tumbo, mzee aliyekwisha kukonda, na yeyote aliyewahi kuwa na tabia ya kujinyima chakula au kujitapisha. Anayetumia dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula, au dawa za presha za kukojosha, amwone mhudumu wa afya kwanza.

Mfungo wa ibada na mfungo wa kiuno

Tumeulizwa pia kama ni vibaya kutumia Kwaresima kupunguza mwili, "niue ndege wawili kwa jiwe moja", alivyosema mama mmoja. Sisi si wachungaji, na mwenye swali zito amwone mchungaji wake. Lakini kwa maoni yetu mambo haya mawili yasichanganywe. Anayesoma Isaya mlango wa 58 ataona kwamba mfungo ulioelezwa pale unamgeukia mwenye njaa na asiye na nguo, na katika Mathayo mlango wa 6 Bwana alikataza mfungo wa kujionyesha. Mama anayefunga huku kila asubuhi anapanda mizani, jioni anatuma picha ya kiuno chake kwenye kundi, amefanya jambo la afya, na si dhambi. Ila asiliite maombi. Tena likichanganywa na maombi huwa vigumu kuliacha linapoleta madhara. Mtu huona kizunguzungu akadhani ni vita vya kiroho.

Na mgonjwa asijione mnyonge wa imani kwa kutokufunga. Hata Kanisa Katoliki, katika sheria zake, halimdai mfungo kijana chini ya miaka 18 wala mtu aliyekwisha kuanza mwaka wake wa 60. Mwenye kisukari anaweza kuacha soda, simu ya jioni au maneno ya jirani kwa siku 40. Hilo la mwisho ni gumu kuliko kuacha ugali.

Liko pia neno la mume. Tumesikia mengi: "umekuwa pipa", "mbona mke wa fulani hajaharibika". Baadhi ya mifungo ya siri tunayoikuta wodini ilianzia kwenye maneno hayo. Akina baba wanaosoma gazeti hili kwa kuchungulia, tunawaomba mjipime viuno vyenu kwanza.

Yanayowezekana nyumbani

Kabla ya kupunguza, pima. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60: mara mbili ya urefu huo kwa kuzidisha ni 2.56, na 82 ukigawanya kwa 2.56 ni 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa, na chini ya 18.5 amekonda mno. Kisha chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno. Mwanamke akizidi sentimita 80, hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda. Na usitake kurudi mwili wa siku ya arusi. Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 4.5 tu na kukaa hapo, presha na sukari huanza kumshukuru.

Kwa mama asiye na maradhi tuliyoyataja, tunapendekeza saa 12, si 16. Maliza chakula cha jioni saa 1, usile tena mpaka saa 1 asubuhi. Ni jambo jepesi kusema. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi baba hurudi saa 3 au 4 usiku na mama hungoja ale naye, kisha wote wanalala na ugali haujashuka. Kula na watoto saa 1. Baba akirudi, mwandalie, keti naye mezani na kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na sukari, mzungumze. Wapo waume watakaonuna wiki ya kwanza. Wakielezwa vizuri wengi huelewa, na wengine huanza kurudi mapema.

Kuna sababu nyingine ya kupenda saa za mapema. Alabama, mwaka 2018, wanaume 8 waliokuwa karibu kupata kisukari walikula chakula chao chote kabla ya saa 9 alasiri kwa wiki 5. Hawakupungua uzito, lakini insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na presha ikashuka. Ni watu 8, tena wanaume, kwa hiyo tusijenge nyumba juu yake. Hata hivyo inakubaliana na yale bibi zetu walifanya kabla ya umeme. Anayetaka kufika saa 14 au 16 basi aongeze pole pole, aache mlo wa usiku badala ya chai ya asubuhi, na ahakikishe kila mlo una yai, maharage, dagaa, samaki au nyama kidogo ili misuli isiliwe. Akizunguzwa, hedhi ikimpotea, au akajikuta mkali kwa watoto kila saa 5 asubuhi, aache.

Lakini kazi kubwa iko kwenye sufuria. Familia ya watu 5 ikimaliza lita 5 za mafuta ya kupikia kwa mwezi, kila mmoja amekunywa karibu kalori 280 za mafuta matupu kila siku. Jaribuni lita 5 ziende miezi miwili. Pimeni kwa kijiko. Msimimine kutoka kwenye dumu. Chai vikombe 4 vyenye vijiko vidogo 3 vya sukari ni vijiko 12, nao ndio karibu ukomo ambao Shirika la Afya Duniani linashauri tusiuzidi kwa sukari ya kuongeza kwa siku nzima, na yafaa iwe chini ya kama vijiko 6. Shusheni nusu kijiko kila wiki, ulimi hautagundua. Na kuna sahani ambayo hakuna mama anayeihesabu: makombo ya watoto. Ukoko wa wali, nusu chapati, mchuzi uliobaki, vyote vinaingia kinywani tukiwa tumesimama, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Pakueni kidogo tangu mwanzo. Mtoto akitaka ataongezwa.

Tumalizie na mama aliyetuandikia kwamba binti yake wa miaka 15 ameanza kuruka chai ya asubuhi pamoja naye, na anauliza kama amwache aendelee, maana binti mwenyewe anasema anajisikia vizuri. Asiendelee. Mifupa yake bado inajengwa, kila mwezi anapoteza damu, na kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana akiwa darasani bila kitu tumboni hatashika hesabu. Usimgombeze wala usimtaje mbele ya wageni kwamba amenenepa au amekonda. Pika uji, ketini wote wawili mnywe. Na kama wewe umechagua saa zako, zihamishie jioni ili akuone asubuhi ukila. Muulize taratibu nani amemwambia ni mnene. Kama hedhi yake imekosekana miezi 3, au unamsikia chooni akitapika baada ya chakula, usingoje toleo lijalo. Mlete kliniki wiki hii hii, uje naye wewe mwenyewe.